Naomba ushauri: wapi pa kuweka rekodi za kwaya bila kulipa?

Wanajamvi, habari zenu. Niko Kisumu, narekodi kwaya za Nyalenda na Kondele, kisha nawatumia waimbaji linki wapakue. Mtandao mmoja wa bure umenichosha: ukibonyeza kitufe cha kijani linafunguka tangazo la kamari, kitufe halisi cha kupakua kimejificha chini kabisa, halafu unasubirishwa huku bando linaisha. Mwingine ulifuta faili eti hazijafunguliwa muda mrefu. Humo mlikuwa na sauti ya mama mmoja aliyekwisha kufariki, na hilo limeniuma sana. Google Drive inatoa GB 15, ila barua za Gmail na picha zinakula humo humo. Dropbox ni GB 2 tu. Mnatumia upi, ambao mtu mwenye simu ndogo atapakua bila kujisajili?