Naomba ushauri: kiongozi wa wazamiaji ana mamlaka gani juu ya mgeni aliyelipa?

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninaishi Moshi na kazi yangu ni kuongoza wapanda mlima Kilimanjaro. Nafikiria kusomea cheti cha daivumasta (yaani kiongozi wa wazamiaji) cha PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji, ambacho humtaka mhitimu awe amezamia angalau mara 60, ili niweze kufanya kazi Zanzibar.

Ninaelewa kwamba kiongozi hukagua vifaa, hutoa maelezo kabla ya kushuka na hufuatilia hewa iliyobaki kwenye mitungi ya wageni, ilhali kuwafundisha wanaoanza na kuwapa vyeti ni kazi ya mkufunzi. Kinachonitatiza ni mamlaka. Mlimani, mgeni akizidiwa na ugonjwa wa mwinuko ninamshusha bila mjadala, hata kama amebakiza saa chache kufika kilele cha Uhuru. Je, baharini ninaweza kumzuia asizamie tena mgeni aliyezamia siku kadhaa mfululizo na ambaye ndege yake ya kuja uwanja wa Kilimanjaro (KIA) inaondoka kabla ya saa 18 kupita baada ya mzamio huo, wakati nitrojeni ya hewa aliyovuta chini ya maji bado imo mwilini mwake na kuruka kunaweza kumdhuru? Au mwenye boti (ambaye, nashuku, huangalia zaidi mapato) ndiye mwenye kauli ya mwisho?

Waliofanya kazi Nungwi au Mnemba, naomba mnieleze jambo hili liandikwe vipi kwenye mkataba.