Mtungi wa kale unatolewaje kama kombe la chemsha bongo? Hii ni dharau!

Wakuu, habari za muda huu.

Leo nina povu, mnivumilie. Kuna jamaa kwenye uzi wa jirani anamwaga sifa kwa vipindi vya zamani vya televisheni ya Uingereza, eti walijua kutoa makombe ya kipekee, na mfano wake ni Fifteen to One ya Channel 4. Watu wanampongeza tu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hilo kombe lilikuwa kitu gani.

Lilikuwa malikale! Si nakala. Kipindi kilianza 1988 kikaenda hadi 2003, watu 15 wamesimama nusu duara wakitupiwa maswali, na bingwa wa msimu alikuwa anakabidhiwa chombo halisi cha enzi za Wagiriki au Warumi. Yaani mtungi umepona vita na matetemeko kwa karne na karne, halafu unaishia kabatini kwa mtu kwa sababu amekumbuka mji mkuu wa Mongolia. Akiuchomekea maua ya plastiki nani atamzuia?

Sijasema uliibwa, msinilishe maneno. Nasema kitu cha namna hiyo ukishakitenga na mahali kilipochimbwa, ukampa mtu binafsi, habari zake zimekwenda na maji. Mtafiti atabisha hodi nyumba ya nani?

Sasa sikilizeni kituko. Mtangazaji wa kipindi hichohicho, William G. Stewart, alikuwa mtetezi mkubwa wa kurudishwa Athens kwa zile sanamu za mawe za Parthenon, hekalu la kale la Wagiriki, ambazo Lord Elgin, balozi wa Uingereza, alizibeba na Bunge la Uingereza likazinunua mwaka 1816 kwa pauni 35,000. Siku moja mwaka 2001 washiriki walipukutika wote kabla ya duru ya mwisho, muda ukabaki, akautumia kueleza kwa nini zirudishwe. Safi kabisa, kwa hilo nampa tano. Lakini mzee wangu, mawe yarudi kwao, mitungi igawiwe washindi? Hapo ndipo anaponichosha.

Na sisi tunaopiga makofi ndio wa ajabu zaidi. Mjusi wa Tendaguru, Lindi, yaani mifupa ya yule dinosaria, amesimama Berlin mpaka leo. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, ilichukuliwa na Waingereza mwaka 1902 na iko British Museum. Kila mwaka tunalia virudi. Ngoma ile ingetolewa zawadi kwa mshindi wa maswali na majibu, mngeandika "kombe la kipekee"?

Wala si kwamba walikosa la kutoa. Mastermind ya BBC, tangu 1972, bingwa hapewi hata senti, anapewa bakuli la kioo lililochongwa kwa ajili yake, na watu wanakesha wakisoma kulifukuzia. Countdown, tena ya Channel 4 hiyohiyo, ukishinda unapewa birika la chai. Birika! Na linaheshimika, kwa sababu limetengenezwa kwa ajili ya mshindi, halikutolewa kaburini kwa mtu.

Anayetaka kutetea aje na hoja. Ile ya "ni burudani tu mkuu" abaki nayo, na mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa sifa.