Dawa ya kuzuia jasho kwapani: hii alumini ina madhara?

Kopo Jeupe:
Wakuu, dawa yangu ya kupaka imeandikwa alumini klorohidrati asilimia 20. Nasikia inaleta saratani ya matiti kwa kuwa "jasho likizuiwa, sumu haitoki". Nihamie shabu?

Mkemia wa Zamu:
Hoja ya sumu iweke kando. Jasho ni maji na chumvi, kazi yake kupoza mwili. Taka za damu ni kazi ya ini na figo. Alumini ikikutana na jasho huganda kama ute mdomoni mwa kijitundu cha jasho, kisha kizibo hicho hutoka ngozi inapojichubua.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulilinganisha wanawake 813 wenye saratani ya matiti na 793 wasio nayo, haukuona uhusiano. Ule wa Uingereza wa 2004, unaorushwa sana mitandaoni, ulikuta parabeni (kemikali za kuzuia vipodozi visiharibike) kwenye vivimbe 20 vya saratani ya matiti, lakini haukupima matiti yasiyo na saratani. Utalinganisha na nini?

Ile asilimia 20 ni ya chumvi nzima, yaani alumini klorohidrati. Alumini yenyewe humo ni kama 5 hadi 6. Mwaka 2020 kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya ilikubali hadi 6.25 kwa dawa zisizo za kupuliza.

Na shabu nayo ni chumvi ya alumini, mkuu. Utakuwa umebadilisha kopo tu.

Figo Kwanza:
Naongezea palipo na tahadhari ya kweli. Alumini hutolewa na figo. Zikishuka chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, au mtu akiwa anasafishwa damu kwa mashine, amuulize daktari kwanza. Onyo hilo la figo ni sharti kwenye lebo za Marekani. Chanzo cha hofu ni miaka ya 1970, pale maji ya mashine hizo yenye alumini yalipowaharibu wagonjwa ubongo. Huko alumini iliingia moja kwa moja kwenye damu. Ngozi hupitisha kiasi kidogo mno.

Jingine: siku ya kupigwa picha ya matiti usipake. Chembe zake huonekana kwenye picha kama vidoa vya kalisi, ambavyo daktari huvitilia shaka ya saratani, ukaitwa kurudia bure.

Kopo Jeupe:
Shukrani. Mbona basi inawasha?

Mkemia wa Zamu:
Mara nyingi ni unyevu au wembe. Chumvi hizi za alumini zikikutana na maji hutoa asidi, na ile ya alumini kloridi ndiyo kali zaidi. Paka usiku, kwapa likiwa kavu kabisa, tabaka jembamba, asubuhi osha. Usiku jasho ni kidogo, kwa hiyo kizibo hushika vizuri, na ukioga hakiondoki. Ukinyoa, subiri siku nzima. Ikiendelea kuwasha, jaribu isiyo na manukato: upele wa kwapani mara nyingi ni wa manukato.