Naomba ushauri: mkopo wa motokari hapa Lubumbashi, nichukue riba ya nani?

Kijana_Kamalondo

Jambo wakubwa, jambo ba mama. Nimepata Noah iliyotumika, muuzaji anataka dola 12,000 mkononi, plaque na karatasi zote ndani ya bei. Niko na 4,000, inabaki kutafuta 8,000. Mshahara ni dola 1,400 safi, unapitia banki, kontra ya kudumu kwenye kampuni inayohudumia mgodi. Ofa ziko tatu:

1. Banki: 1.5% kwa mwezi, miezi 24. Ada ya dosie 2%, na 10% ya mkopo inafungwa kwenye konti mpaka mwisho.
2. Mikrofinansi: 1.5% kwa mwezi, miezi 24. Hakuna cha kufungiwa.
3. Muuzaji mwenyewe: "bila riba". Natoa 4,000 leo, halafu 9,200 ndani ya miezi 12.

Kwa macho yangu ya pili ni sawa na ya kwanza ila haikufungii makuta, na ya tatu haina riba kabisa. Sasa mbona kila mtu ananiambia niende banki? Na hawa wanaopata 14% kwa mwaka wanapitia mlango gani?

Mhasibu_Ruashi

Ndugu, ya 1 na ya 2 zinafanana namba tu. Swali la kuuliza pale dirishani ni hili: 1.5% ya nini?

Kama ni ya deni lililobaki (kwenye karatasi wanaandika *taux dégressif*), kila mwezi unalipa 399.39. Mara 24 inakuwa 9,585, yaani riba ni 1,585.

Kama ni ya mkopo wa mwanzo (*taux linéaire* ao *constant*), wanachukua 8,000 × 1.5% × 24 = 2,880 ya riba, wanaijumlisha na 8,000, wanagawa kwa 24. Kila mwezi 453.33. Mwezi wa 23 umebakiza deni dogo sana lakini bado unalipa riba ya 8,000 nzima. Ukiigeuza ifanane na hesabu ya banki, ile 1.5% inakuwa karibu 2.6% kwa mwezi. Tofauti mfukoni mwako: dola 1,295 kwa motokari ileile.

Usimuulize afisa "ni dégressif ao hapana?", atakujibu ndiyo. Mwombe *tableau d'amortissement* (jedwali la malipo ya kila mwezi) iliyochapishwa. Angalia safu ya riba: mwezi wa kwanza itakuwa 120. Mwezi wa pili ikishuka mpaka 115 na kitu, ni deni lililobaki. Ikiwa 120 mstari kwa mstari mpaka chini, umeisha kujua. Wasipokupa tableau kabla ya kusaini, usisaini.

Muzee_wa_Kenya

Na hiyo "bila riba" ya muuzaji: bei ya mkononi 12,000, bei ya pole pole 4,000 + 9,200 = 13,200. Riba iko pale, imevaa nguo ya bei. Anakukopesha 8,000, unarudisha 766.67 mara 12. Hiyo ni 2.2% kwa mwezi. Isitoshe, 767 kwenye mshahara wa 1,400 ni zaidi ya nusu. Mwezi mmoja mshahara ukichelewa, anafuata Noah yake, kwa sababu carte rose (karatasi ya umiliki wa motokari) bado iko kwa jina lake.

Mama_Kampemba

Mhasibu amesema vizuri lakini ameachilia banki ipite bila kuguswa. Nayo ile 1.5% yake si 1.5%.

Tuhesabu makuta yanayofika kweli mkononi. Ada ya dosie 2% ya 8,000 ni 160, na juu yake TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16%, inakuwa 185.60 (uliza kila mara kama bei wanayokutajia ni *hors taxe*, yaani kodi haijaingia). Amana ya 10% ni 800. Kwa hiyo unapokea 7,014.40 lakini unalipa riba ya 8,000. Ile 800 utarudishiwa mwezi wa 24, bila faida yoyote. Riba ya kweli: 2.06% kwa mwezi, karibu 25% kwa mwaka, si 18%.

Mwenye Excel ya Kifaransa kwenye simu aandike hivi:

=TAUX(24;-399,39;7014,40;800)

Ya kwanza ni miezi, ya pili malipo ya mwezi, ya tatu makuta uliyoyapokea kweli, ya mwisho yale utakayorudishiwa. Alama ya kutoa mbele ya malipo msiisahau, la sivyo mashine inaleta kosa. Kwa ofa isiyo na amana, mnaweka 0 mwishoni.

Sasa angalieni jambo hili, maana watu wanapigania asilimia ya riba na kuacha amana ipite. Ukibaki na 18% kwa mwaka lakini wakakuondolea amana, riba ya kweli inashuka mpaka 1.70% kwa mwezi. Wakikupunguzia mpaka 14% lakini amana ikabaki, unapata 1.66%. Karibu ni kitu kimoja! Na afisa wa mkopo hana ruhusa ya kugusa riba, hiyo inapangwa juu huko, ila amana mara nyingi meneja wa ajansi anaweza kuiondoa kwa mteja ambaye mshahara wake unapitia pale. Kwa hiyo omba kile anachoweza kutoa. Akikataa kabisa, omba wakubali ile 800 ilipe miezi miwili ya mwisho, ili usianze tena kuifuatilia ofisini deni likiisha.

Kitu kingine: ile 4,000 yako haitoshi tena. Toa 800, toa 185.60, inabaki 3,014. Jumlisha na 8,000, uko na 11,014. Kwa motokari ya 12,000 bado unakosa karibu 986, na hatujagusa bima.

KatubaDeux

Hiyo 986 atapata bank lambert (wale wakopeshaji wa mtaani) asubuhi moja, mbona mnamtisha mtoto wa watu 😄

Mama_Kampemba

Kwa 30 ao 50% kwa mwezi? Atakuja hapa kuomba ushauri wa kuuza Noah.

Kijana_Kamalondo

Aksanti mama, aksanti Muzee. Nimetuma ujumbe mikrofinansi, wamenitumia tableau: 120 mstari kwa mstari. Basi ni vile alivyosema Mhasibu.

Maswali mawili. Nikivuta mpaka miezi 36 banki si itakuwa nyepesi? Na dada wa dirishani anasema mkopo wa franka upo pia.

Mhasibu_Ruashi

Miezi 36 kwa 1.5% dégressif: 289.22 kwa mwezi, jumla 10,412. Unapunguza 110 kila mwezi lakini mwisho umelipa riba ya 2,412, yaani 827 zaidi. Mshahara wako unabeba miezi 24: theluthi ya 1,400 ni 466, na theluthi ndiyo kipimo ambacho banki nyingi zinatumia. Kumbuka tu kwamba kama una deni lingine linalokatwa kwenye mshahara, hata avansi ndogo, litahesabiwa ndani ya theluthi hiyo. Wanaangalia pia *centrale des risques* (orodha ya madeni ya watu) ya Banki Kuu, kwa hiyo deni la banki nyingine halifichiki.

Franka: usiguse. Mshahara wako ni dola, deni liwe dola. Riba za franka zinafuata ya Banki Kuu, na Agosti 2023 ilipandishwa kwa mara moja kutoka 11% mpaka 25%.

Anayelipwa franka ndiye mwenye shida kubwa, kwa sababu mikopo mingi ya motokari iko kwa dola. Mshahara wa franka 1,500,000 ulikuwa dola 750 mwaka 2022, dola moja ikiwa karibu 2,000. Mwaka 2024 dola ikapita 2,800, mshahara uleule ukawa chini ya dola 536. Malipo ya 399 hayakushuka hata senti. Mtu wa namna hiyo ajipimie kwa robo ya mshahara, si theluthi.

Transit_Kasumbalesa

Mnaongea riba tu, lakini dosie nyingi zinaangukia kwenye karatasi. Banki haikupi makuta mkononi ukanunue, inamlipa muuzaji kwa *facture proforma* (karatasi ya bei kabla ya mauzo). Muuzaji wa kando ya barabara hana proforma, hana namba ya kodi, wala konti ya kampuni. Hapo banki inakugeuzia mkopo wa kawaida wa mshahara, ambao mara nyingi riba yake iko juu kuliko ile ya *crédit auto* (mkopo wa motokari) waliyokutajia. Kwa hiyo kabla ya kubishana asilimia, uliza: "Je, kwa motokari iliyotumika na muuzaji huyu, bado ni bei ileile?"

Kwa Noah iliyoingilia Kasumbalesa (mpaka na Zambia), dai deklarasio ya duane (forodha) na risiti ya malipo yenyewe, si fotokopi ya fotokopi. Linganisha namba ya chasi kwenye karatasi na ile iliyogongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi. Kosa la herufi moja linazuia carte rose kutoka, na bila carte rose banki haitoi mkopo, huku muuzaji ameisha kula avansi yako. Avansi itolewe baada ya banki kukubali kwa maandishi, si kabla.

Bima: banki itataka *tous risques* (bima ya hasara zote), yenyewe ikiandikwa kama mpokeaji wa fidia. Mara nyingi wanakupa bima yao wakaijumlisha ndani ya mkopo, halafu unalipia riba juu ya bima. Tangu soko lifunguliwe mwaka 2019 SONAS (bima ya serikali) haiko peke yake tena, tafuta bei mbili tatu nje kisha uwaletee. Na usiandikishe motokari "ya kutembelea" halafu Jumamosi ukaipigisha taksi. Ikipata ajali na abiria wa kulipa ndani, bima ina haki ya kukataa, na deni linabaki la kwako.

Yaya_Golf

Mlango wa 14% ni mwajiri wako. Nenda kwa watu wa rasilimali watu, uliza kama kampuni ina *convention* (makubaliano) na banki yoyote. Ikiwepo, wafanyakazi wanapata riba ya chini na mara nyingi amana inaondoka, kwa sababu kampuni inaahidi kupitisha mshahara pale mpaka deni liishe. Kwa 14% miezi 24 utalipa 384.10 kwa mwezi, jumla 9,218. Wewe ni wa kampuni ndogo inayohudumia mgodi, basi uliza pia mwisho wa kontra ya kampuni yako na mgodi. Afisa ataiuliza, na kama inaisha kabla ya miezi 24, hapo ndipo ombi linakwama hata kama CDI yako (kontra ya kudumu) ni safi.

Isipokuwepo, chukua simulasio kwenye banki mbili zingine wiki hiyohiyo, kwa kiasi kilekile na miezi ileile, uende nazo kwa banki yako. Bila karatasi ya mshindani hakuna atakayekusikiliza.

Kwenye kontra soma sehemu tatu. Tarehe ya kukata: iwe siku tano hivi baada ya siku ya mshahara, kwa sababu mshahara ukichelewa siku mbili unapigwa riba ya kuchelewa bila kosa lako. Kulipa mapema: kwa dégressif, baada ya mwezi wa 12 unabakiza 4,356, ukilipa zote unaokoa riba ya 436, toa faini yao kama ipo (kama faini ni 2% ya kilichobaki, ni 87, bado inafaa). Kwa linéaire kuna kontra zinazosema riba yote inadaiwa hata ukimaliza mapema, na hapo huokoi kitu. La tatu ni dhamana: banki itashika carte rose ya asili na kuandikisha *gage* (rehani) juu ya motokari.

Kijana_Kamalondo

Convention ipo! Nimeuliza mchana huu. Lakini si na banki yangu, ni na ile nyingine, na wanataka mshahara uhamie kwao miezi mitatu kabla ya kuomba.

Mama_Kampemba

Hamisha. Miezi mitatu ukiweka pembeni ile 384 kila mwezi unapata 1,152 zaidi, utakopa 6,850 badala ya 8,000. Mwambie tu muuzaji ukweli. Noah za namna hiyo zinaingia kila wiki.

Yaya_Golf

Na kabla hujahama, ichukue kwa banki ya sasa *attestation* kwamba huna deni kwao. Ile mpya itaidai, na ukiisha kuondoka utaisubiri sana.