Msitu wa miombo uliokatwa: tupime nini kabla ya kusema umerudi?

Mwanakamati, Kipushi:
Ndugu zangu, kijiji chetu kinaandaa mpango wa kusimamia msitu wa jamii chini ya dekri (amri ya serikali yetu ya Kongo, Kinshasa) namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014, inayohusu kuzipa jamii misitu, nasi tumekwama kwenye kifungu kinachohusu kurudisha miti baada ya kukata mbao na kuchoma makala, yaani makaa ya miti. Rasimu tuliyoletewa inasema kwamba msitu utahesabiwa kuwa umerudi mara tu idadi fulani ya miche itakapokuwa imepandwa katika kila hekta. Je, hicho ni kipimo cha kisayansi, au ni hesabu ya kumridhisha mkaguzi tu?

Mtaalamu wa kilimo, Lubumbashi:
Ndugu Mwanakamati, idadi ya miche iliyopandwa hupima kazi ya wapandaji. Haisemi lolote kuhusu msitu. Miombo yetu, yaani msitu wa kiangazi kirefu wenye miti kama muputu na mutondo, hurudi hasa kwa machipukizi ya visiki na mizizi, kwa hiyo kanuni ya kwanza ingehusu namna ya kukata: kisiki kiachwe kifupi, gome lake lisichanwe, na mizizi ising'olewe. Kisha viwanja vidogo vya sampuli vichaguliwe kwa kura, wala si kwa kufuata njia ya gari, na ndani yake yahesabiwe machipukizi yaliyo hai, kila aina peke yake. Muputu na mutondo wakiwa wengi huku mulombwa, mti wa mbao, haonekani, mtakuwa na kijani kingi lakini mbao hamna.

Mulombwa mwenyewe anadai subira. Mche uliotoka kwenye mbegu hufa shina kila kiangazi na kuchipuka upya mvua zinaporudi, na huendelea hivyo kwa miaka kadhaa huku mzizi wake mkuu ukinenepa chini, hadi mwaka mmoja unapopanda juu moja kwa moja. Mkaguzi atakayekuja na fimbo ya kupimia urefu ataandika kwamba umeshindwa, ilhali uko kazini.

Msomaji, Likasi:
Nakubaliana na Mtaalamu kuhusu visiki, lakini naogopa neno «subira», kwa sababu huku kwetu limewafaa sana wanaokata na kuondoka. Marekani, sheria ya misitu ya taifa ya mwaka 1976 iliruhusu ukataji pale tu penye uhakika kwamba miti ya kutosha inaweza kurudi ndani ya miaka 5 baada ya mavuno. Jimbo la Oregon linataka upandaji ukamilike katika miaka 2, na kufikia mwaka wa 6 miche iwe hai na imeshinda magugu. Huko miti ni misonobari na jamaa zake, kwa hiyo nambari hizo hazihamishiki hivi hivi. Ninachotaka tuchukue ni kuwapo kwa tarehe ambayo mtu anaweza kuulizwa.

Mtaalamu wa kilimo, Lubumbashi:
Tarehe iwepo, ila iwe zaidi ya moja. Machipukizi ya visiki yanaweza kukaguliwa mapema, hata baada ya misimu miwili ya mvua. Miche ya mbegu ipewe muda wake. Aidha, kipimo chochote kisichotaja moto ni bure. Ng'ambo ya mpaka, huko Ndola, Zambia, viwanja vya majaribio vilivyoanzishwa mwaka 1933 vilionyesha kwamba moto wa mwisho wa kiangazi, ukirudiwa kila mwaka, huigeuza miombo kuwa nyasi zenye miti michache, wakati moto wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, huiacha miti ikue. Andikeni mwezi ambao baada yake hakuna anayeruhusiwa kuwasha.

Mama Muuza Uyoga, Lubumbashi:
Samahani kuingilia mazungumzo ya wasomi. Pale palipojengwa tanuri la makala, udongo umeiva kama tofali, na hata visiki vya pembeni vikichipuka, katikati hubaki doa tupu. Uyoga tunaouuza barabarani wakati wa mvua hauoti hapo.

Mtaalamu wa kilimo, Lubumbashi:
Mama yetu amegusa penyewe. Muputu na mutondo huishi kwa kushirikiana na kuvu mizizini, na baadhi ya kuvu hao ndio uyoga wake. Joto la tanuri huwaua pamoja na mizizi yenyewe. Madoa ya matanuri yachorwe kwenye ramani, yapimwe peke yake, na ndiyo hasa yanayohitaji miche. Pia mpango useme tanuri jipya lijengwe juu ya doa la zamani.

Mwanakamati, Kipushi:
Asanteni. Suala la matanuri halimo kabisa katika rasimu yetu. Nitalipeleka kwenye kikao pamoja na la mwezi wa moto, ambalo najua wafugaji na wawindaji watalipinga.