Chekechea ya Montessori: uhuru wa mtoto una mipaka gani?

Mzazi wa Kihonda

Ndugu wazazi na walimu, naomba ufafanuzi. Mtoto wetu wa kiume, anayekaribia kutimiza miaka minne, tulimwandikisha Januari katika chekechea inayojitambulisha kuwa ya Montessori (utaratibu wa malezi ulioanzishwa na Dkt. Maria Montessori wa Italia) hapa Morogoro. Hadi sasa hajaleta daftari hata moja nyumbani, hapewi kazi ya kufanya jioni, na ukimuuliza ameshinda akifanya nini atakwambia amefua leso, amemimina maji, amepembua maharage. Bibi yake anauliza kama tunalipa ada ili mtoto akafundishwe kazi ambazo yeye angemfundisha uani bila malipo.

Linalonitatiza zaidi ni nidhamu. Nilipokwenda kumchukua mapema siku moja, nilimkuta mtoto mmoja akizunguka darasani bila kuambiwa aketi, huku mwalimu akiwa sakafuni na mtoto mwingine. Fimbo hakuna, na hilo ninalifurahia, lakini hakuna hata nyota au pipi kwa aliyefanya vizuri. Je, malezi ya namna hii yanasimamia falsafa gani, na mtoto aliyelelewa hivi atauweza usaili wa darasa la kwanza?

Mwalimu wa Awali

Mfikishie bibi shikamoo yangu, maana swali lake ndilo lenye uzito kuliko mengine. Kazi ni zile zile za uani, ila zimepangwa kwa namna nyingine. Chukua hiyo ya kumimina maji: majagi mawili madogo yanayolingana na mikono ya mtoto huwekwa kwenye sinia, moja likiwa na maji, mwalimu humwonyesha mara moja, polepole, bila maneno mengi, kisha humwachia. Maji yakimwagika, sponji ipo pembeni na mtoto hufuta mwenyewe. Hakuna haja ya kumwambia amekosea wakati sinia imelowa mbele ya macho yake. Maharage nayo hupembuliwa kwa vidole vile vile vitatu vitakavyoshika penseli baadaye.

Utaona mpango huo huo katika vifaa vya mbao. Kuna kipande chenye matundu kumi na vigingi kumi vinavyotofautiana unene, kila kigingi na tundu lake. Akikosea kimoja katikati ya kazi, mwishoni atabakiwa na kigingi kisichoingia kwenye tundu lililobaki, na hapo ataanza kurudi nyuma kutafuta alipokosea. Mwalimu aliyefunzwa vizuri huwa anakiona kigingi hicho mapema na ananyamaza, jambo ambalo, niseme ukweli, ni gumu kwetu sisi tuliozoea kusahihisha kwa kalamu nyekundu.

Kuhusu yule aliyekuwa akizunguka, huenda alikuwa akitafuta kazi au akingoja zamu, kwa sababu kila kifaa darasani kiko kimoja tu, kwa makusudi, na anayekitaka husubiri mwenzake akirudishe kwenye rafu. Mtoto huchagua kazi ambayo ameshaonyeshwa, si yoyote anayoiona. Hakanyagi mkeka ambao mwenzake ametandaza kazi yake. Na hachukui kazi nyingine kabla hajairudisha ya kwanza mahali pake, ikiwa katika hali ambayo mwingine anaweza kuitumia. Ndani ya mipaka hiyo yuko huru, na mipaka yenyewe haijadiliwi.

Akimpiga mwenzake, mwalimu hamkemei kutoka upande wa pili wa chumba. Humwendea, huinama mpaka watazamane, humzuia kwa upole lakini bila kuyumba, kisha hukaa naye karibu hadi atulie. Dkt. Maria Montessori aliandika kwamba mtoto aliyewasumbua wenzake walimkalisha pembeni kwenye kiti kizuri, akiwaelekea wengine ili awaone wakifanya kazi, na wakampa vitu alivyovipenda. Alikuwa daktari wa tiba kabla ya kuwa mwalimu, na mtoto huyo alimtendea kama anayehitaji uangalizi, si kama mhalifu.

Nyota na pipi zina kisa chake. Katika moja ya shule zake za mwanzo alikuta mtoto aliyezawadiwa msalaba wa fedha uliofungwa utepe, na mwingine aliyekalishwa kwenye kiti kama adhabu. Aliyezawadiwa alikuwa akipita huku na huku na kazi zake, msalaba ukamdondoka. Aliyeadhibiwa akauokota na kumwonyesha. Mwenye nao akasema haujali, akamwachia auvae, naye akaendelea na kazi. Tangu hapo Montessori aliziona zawadi na adhabu kuwa vitu visivyomhusu mtoto aliyezama katika shughuli yake.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Naheshimu maelezo ya mwenzangu, ila niongeze upande wa anayewapokea watoto hao. Wanaotoka katika madarasa hayo huwa wanamaliza walichoanza na hawaogopi kuuliza, na katika KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wengi wako vizuri. Shida yao ni kengele. Huko wamezoea kufanya kazi asubuhi nzima bila kukatizwa, kwa kawaida kwa muda wa saa tatu hivi, kisha wanafika kwangu ambako kila kipindi kinakatwa katikati na watoto ni wengi kuliko madawati. Miezi ya kwanza baadhi yao husimama na kwenda zao kabatini bila kuomba ruhusa, na mwalimu asiyejua walikotoka huwaita watukutu.

La pili ni la kumtahadharisha mleta mada. Jina la Montessori halina mwenyewe. Huko Marekani mwaka 1967 liliamuliwa rasmi kuwa ni jina la jumla, na hapa kwetu yeyote anaweza kulichora ukutani. Nimeingia chekechea ambayo ule mnara wa vipande kumi vya rangi ya waridi, kifaa ambacho watoto hupaswa kukipanga wenyewe, umefungiwa kwenye kabati la vioo ili usipotee, huku watoto wakiimba a, e, i, o, u kwa pamoja. Wanaotaja utafiti uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Science, ambao watoto wa miaka mitano wa Montessori mjini Milwaukee waliwapita wenzao katika kusoma, hesabu na kutatua migogoro, wakumbuke kwamba shule ile ilikuwa ikifuata utaratibu huo kikamilifu.

Mama wa Wawili

Kinachonishangaza mimi ni ada. Shule ya kwanza ya Montessori, iliyoitwa «Nyumba ya Watoto», ilifunguliwa Januari 1907 San Lorenzo, mtaa wa wafanyakazi maskini mjini Roma, na leo kwetu imekuwa elimu ya wenye magari. Vifaa vingi ni vya mbao, na mafundi seremala tunao.

Mzazi wa Kihonda

Nawashukuru nyote. Bibi amesomewa, akasema maharage sasa ameyaelewa. Limebaki moja: shule inafundisha sauti za herufi za Kiswahili na za Kiingereza kwa pamoja. Je, haitamchanganya? Na sisi tulikusudia kumhamisha akifikisha miaka mitano ili ajiandae kwa usaili.

Mwalimu wa Awali

Ningeshauri aanze na Kiswahili. Utaratibu huu ulizaliwa katika Kiitaliano, ambacho huandikwa kwa kufuata matamshi kwa karibu sana, kama Kiswahili. Mtoto hupapasa herufi za msasa kwa vidole huku akitamka sauti, kisha hupanga maneno kwa herufi zilizokatwa kabla hata mkono haujaweza kuandika. Akijua m, a, t na o ataunda «mama», «moto», kisha u ikishaongezwa ataunda «tamu», na hatakosea herufi hata moja. Kiingereza hakimpi urahisi huo, kwa hiyo kisubiri hadi sauti za kwanza zitulie.

Suala la kumhamisha lifikirieni upya. Darasa huchanganya watoto wa miaka mitatu hadi sita, na mwaka wa mwisho ndio ambao shanga za mamoja, makumi, mamia na elfu hutumika zaidi kwa hesabu kubwa, na mkubwa huwaonyesha wadogo. Mkimtoa akiwa na miaka mitano mtakuwa mmelipia maandalizi na kuacha mavuno. Kabla ya kuamua, ombeni kukaa kwenye kiti pembeni mwa darasa asubuhi nzima bila kuzungumza na watoto, kisha ombeni kuona daftari la mwalimu la kumbukumbu: linapaswa kuonyesha kila mtoto ameonyeshwa kazi gani, lini, na ameirudia kwa kiasi gani. Shule isiyo na kumbukumbu hizo, muihame hata kesho.