Aliyesomea usanifu wa mwingiliano aajiriwe kuandika programu?

Mwanzisha mada:

Ndugu zangu, naleta hoja hii baada ya kuona hapa Mbeya matangazo ya kazi ya usanidi wa sehemu ya mbele ya tovuti, yaani frontendi, yakimdai kila mwombaji shahada ya sayansi ya kompyuta, hata pale ambapo kazi yenyewe ni fomu, vitufe na kurasa za kusomwa kwenye simu. Msimamo wangu ni kwamba aliyeanzia kwenye usanifu wa mwingiliano, yaani taaluma ya kupanga jinsi mtu anavyotumia kifaa au programu, ambayo wasanifu Bill Moggridge na Bill Verplank waliipa jina katika miaka ya 1980, ahesabiwe kuwa mwombaji kamili, asichukuliwe kama mpaka rangi aliyepotea njia.

Juzi nilikaa na mama mmoja wa Uyole, mkulima wa viazi, akiagiza mbolea kupitia tovuti moja. Aliandika namba yake ya simu ikianza na sifuri, kama sote tunavyoiandika. Fomu ikaikataa kwa kuzungushia kisanduku mstari mwekundu, bila neno hata moja, kumbe ilitaka ianze na 255. Alipovuka hapo akabonyeza "Tuma", mtandao ukazubaa, akabonyeza tena, na oda ikaingia mara mbili. Msimbo ulifanya kama ulivyoagizwa. Mwandishi wake ndiye hakujiuliza mtu hufanya nini anapobonyeza asione kitu. Msanifu wa mwingiliano huanzia hapo: namba ipokelewe kwa namna zote mbili, kosa lielezwe kwa maneno, na kitufe kikishabonyezwa kiseme "Inatumwa" na kisikubali kubonyezwa tena.

Mchangiaji kutoka Iringa:

Ndugu yangu, mfano wako ni mzuri, ila nusu yake inakugeuka. Oda kuingia mara mbili haizuiwi na kitufe pekee. Seva, yaani kompyuta inayopokea oda, nayo lazima iitambue oda iliyorudiwa, kwa sababu mtandao ukikatika katikati, kivinjari hakina namna ya kujua kama ile ya kwanza ilifika. Isitoshe, tangu React, maktaba ya msimbo wa kujengea sehemu ya mbele ya tovuti, ilipotolewa kwa umma mwaka 2013, sehemu ya mbele imezidi kubeba uhandisi mzito: kutunza hali ya data, kuandika majaribio ya programu, kupunguza uzito wa faili zinazopakuliwa. Nimefanya kazi na wasanifu waliohamia huku, na wengi walikwama hapo hapo.

Mwanzisha mada:

Hilo la seva nalikubali, na kwa kweli sikulieleza. Lakini sikusema msanifu aajiriwe kwa uzuri wa michoro yake. Apewe jaribio la fomu ya oda, simu ya bei nafuu na mtandao wa kusuasua, na mwenye shahada apewe lilelile. Msanifu akishindwa kueleza msimbo wake wa JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, unafanya nini oda inapokwama njiani, arudi akajifunze. Ninachokataa ni barua yake kuwekwa kando kabla hajagusa kibodi.